Songea Mbano: Nduna wa mkuki ambaye kichwa chake bado kinatafutwa

KABLA ya kuwa jina la mji na la manispaa, Songea lilikuwa jina la mtu, na watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, kuanzia Manda hadi Chiwanda, hawakuwa na sababu ya kulipenda. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vikosi vya Wangoni viliteremka kutoka nyanda za juu kutafuta mateka, mifugo na chakula. Wakazi wa ziwani walikimbilia kwenye miamba, na wengine walijenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji. Ni vyema jambo hilo likatajwa mapema, kwani aliyekuja kuwa shujaa wa taifa hakuwa shujaa wa kila jirani yake.

Songea Mbano hakuzaliwa katika nyumba ya kifalme. Ufalme wa Njelu, kusini mwa Ungoni, ulikuwa wa ukoo wa Gama, uliotokana na ile safari ndefu ya Wangoni waliotoka Afrika Kusini na kuvuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Yeye alikuwa nduna, yaani jemadari na mtawala wa eneo chini ya Nkosi. Hata hivyo, katika jamii ile cheo kilikuzwa kwa mkono. Nduna aliyerejea vitani na mateka wengi aliongeza watu, na watu ndio waliokuwa utajiri. Ilipofika miaka ya 1890 Songea alikuwa na wafuasi wengi kiasi kwamba nguvu zake zilikaribia kumfunika Nkosi mwenyewe.

Nguvu hizo zilisimama juu ya silaha chache. Mkuki wa kuchomea ulikuwa na mpini mfupi na bapa pana. Haukurushwa, bali mwenye nao alimfuata adui hadi kifuani. Ngao ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, yenye fimbo iliyopitishwa katikati kwa nyuma, na pembeni palikuwa na rungu la mti mgumu. Vijana waligawanywa katika vikosi kwa umri na kufunzwa kushambulia kwa pamoja. Kwa namna hiyo Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi mwaka 1882. Bunduki za gobori walikuwa nazo pia, lakini heshima ya askari ilibaki kwenye mkuki.

Mwaka 1897 Wajerumani walifika na kujenga boma karibu na makazi ya Songea, wakaliita kwa jina lake. Ilikuwa heshima yenye hasara. Mashambulizi yalipigwa marufuku, biashara ya mateka ikakatika, kodi ya nyumba ikaanza kudaiwa, na nduna aliyeishi kwa vita akabaki mtu wa kuitwa barazani na ofisa kijana. Wamisionari Wabenediktini nao walifungua kituo Peramiho mwaka 1898.

Vita vya Majimaji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905, Ungoni haikuwamo. Dawa ya maji ililetwa huko baadaye, ikapokewa kwanza na Nkosi Chabruma wa Mshope, kisha na Njelu. Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Oktoba, Wangoni walikutanika Namabengo kwa maelfu, na hapo bunduki za mtombo za Wajerumani zikaonyesha kuwa risasi haikugeuka maji. Baada ya hapo Wajerumani hawakutafuta mapambano makubwa tena. Walichoma mashamba na maghala, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Wanahistoria wa Tanzania hukadiria waliokufa katika vita vyote na njaa yake kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Songea alijificha katika mapango ya Chandamali, ambayo hadi leo yanahusishwa na jina lake, kabla ya kuangukia mikononi mwa Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1906. Februari 27 viongozi na askari zaidi ya 60, akiwamo Mputa Gama, walinyongwa mjini Songea na kufukiwa katika kaburi moja. Simulizi za huko husema Wajerumani walitaka kumwacha hai nduna yule, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Kwa mujibu wa ukoo wake, hakuzikwa mzima: kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Silaha za walioshindwa nazo zilisafiri. Tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeelekeza kwamba vitu vilivyokusanywa na maofisa wake katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Mikuki na vifuko vya dawa vya Majimaji viliingia humo, na mkuu wa idara ya Afrika, Felix von Luschan, alikusanya pia mafuvu ya watu kwa maelfu.

Kukitambua kitu cha namna hiyo si kazi nyepesi. Wakusanyaji wa panga za kale za Japani wana nafuu: huvua mpini na kusoma, kwenye sehemu ya chuma iliyofichwa ndani yake, jina la mhunzi na pengine mwaka. Kutu ya hapo haisuguliwi, maana nayo ni ushahidi wa umri. Mkuki wa Kingoni hauna saini. Chuma kiliweza kutoka kwa wahunzi wa makabila jirani, na askari wa Songea wenyewe walikuwa wa asili mbalimbali, hivyo umbo peke yake halitoshi. Kinachobaki ni karatasi ya aliyeuchukua: ni nani, wapi, siku gani. Mara nyingi askari hakuandika.

Fuvu ni hivyo hivyo. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen mwaka 1953 kutafuta la Mkwawa, akalichagua kwa vipimo na tundu la risasi. Lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, ingawa wasiwasi haukuisha. Siku hizi kuna vinasaba. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, ambapo 202 yalihusishwa na Tanzania, na machache yakaoanishwa na familia za Wachaga zilizo hai. La Songea Mbano halikutajwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Novemba 1 mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaomba radhi na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta, huku akionya kuwa huenda lisipatikane. Alikutana na wajukuu wa nduna katika Makumbusho ya Majimaji, ambako kila Februari 27 wananchi hukusanyika kuwakumbuka waliouawa. Kaburi la pamoja liko hapo. La Songea liko kando.