MAISHA YA ABUBAKAR AR-RAZI, TABIBU WA NDUI NA SURUA

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Kila mwalimu wa chuo ajua mambo yanavyokuwa surua ikiingia mtaani. Leo hakuja mtoto mmoja, kesho hawakuja watano, na baada ya juma moja mkeka wa watoto wa alifu na bee huwa mtupu. Walakini mwalimu mwenyewe hukaa mahali pake, hapatwi na kitu, wala baba zao watoto hawapatwi. Kwa nini maradhi yawachague wadogo na kuwaacha wakubwa? Na je, ni kweli wasemavyo wazee wetu kuwa mtoto wa kiume ni mzito kulea kuliko wa kike, kwa kuwa maradhi humwandama zaidi?

Maswali haya si mapya. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliyashughulikia tabibu mmoja mkubwa, na maisha yake ndiyo tutakayoyaeleza katika kijitabu hiki, inshallah.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abubakar Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Alizaliwa katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako karibu na Tehran ya leo, katika mwezi wa Shaaban mwaka wa 251 H. (865), kwa mapokezi ya Al-Biruni. Msomaji asimchanganye na Imamu Fakhruddin Ar-Razi, mfasiri wa Qurani na mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekufa mwaka wa 606 H. Wote wawili wanasibishwa na mji mmoja, lakini baina yao mna karibu miaka mia tatu.

Inasimuliwa kuwa aliingia katika ilimu ya utabibu ukubwani, baada ya kupita miaka ya ujana wake. Basi asiseme mtu kuwa wakti wangu wa kusoma umekwisha. Alisoma akafika kiasi cha kuwekwa mkubwa wa hospitali ya Rayy, kisha mkubwa wa hospitali ya Baghdad. Gavana wa Rayy, Mansur bin Ishaq, alitungiwa naye kitabu cha utabibu, kikaitwa Al-Mansuri kwa jina lake.

Imepokewa pia kwamba alikuwa na kauli katika mambo ya dini ambazo wanavyuoni walizirudi kwa ukali. Hayo tunawaachia wenyewe. Sisi twachukua kwake tiba, kama walivyochukua waliotutangulia.

BARAZA LAKE

Ibn An-Nadim ametaja jinsi alivyokaa na wanafunzi wake. Alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa. Mbele yake walikaa wanafunzi wake, na nyuma yao wanafunzi wa wale, na nyuma yao tena wengine. Mgonjwa alipokuja, aliwaeleza kwanza wale wa safu ya nje. Wakijua humjibu, na wasipojua humpeleka kwa wa safu ya pili, hata akafika kwa Ar-Razi mwenyewe. Alikuwa mkarimu, mwenye huruma kwa mafakiri, akiwatibu na kuwapa posho ya kujikimu.

Tabia yake kubwa ilikuwa kutokubali neno kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Jalinus, tabibu wa Kiyunani, alikuwa kwa matabibu wa zama zile kama imamu wao. Ar-Razi alimheshimu na kumwita mwalimu, na pamoja na hayo akaandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya maneno ya Jalinus. Alitaka kuona kwa macho. Katika maradhi ya sirsamu, yaani uvimbe wa ubongo, ameeleza kuwa aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa, akawaacha wengine kwa makusudi, ili ajue kwa kulinganisha kama kutoa damu kwafaa. Hukumu yake haikuwa sahihi kwa ilimu ya leo, lakini njia ya kulinganisha kundi na kundi ndiyo njia ya matabibu mpaka hivi sasa.

KITABU CHAKE CHA NDUI NA SURUA

Miongoni mwa vitabu vyake, ambavyo Al-Biruni aliorodhesha 184, kimoja ni kidogo nacho kikapata sifa kubwa. Hicho ni kitabu cha ndui na surua, kwa Kiarabu al-judari wal-hasba. Kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka wa 1848 kikatolewa London kwa Kiingereza.

Humo alipambanua maradhi mawili ambayo watu wengi waliyachanganya. Alisema kuwa maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na dhiki ya moyo na kichefuchefu huzidi katika surua. Akahimiza macho ya mgonjwa yalindwe mapema, kwani ndui ilikuwa ikiwapofusha wengi.

Kisha akaingia katika suali letu. Aliona kuwa ndui huwashika watoto, khasa wa kiume, na ni nadra mmoja wao kuiepuka. Vijana huwapata kwa uchache, na wazee kwa uchache zaidi. Akatafuta sababu katika damu. Alisema damu ya mtoto ni rutuba, mfano wa maji ya zabibu yaliyokamuliwa sasa hivi, ambayo hayana budi kuchemka. Damu ya kijana ni mfano wa maji yaliyokwisha chemka, na damu ya mzee ni mfano wa kilichopoa na kukaribia kuwa siki. Watu wa pwani watafahamu mfano huu kwa maji ya mnazi: asubuhi ni matamu, mchana yachemka, na yakikaa sana huwa siki. Basi ndui kwake ilikuwa ni mchemko wa damu ambao kila mtoto hana budi kuupita, na damu ikisha kuchemka haichemki mara ya pili.

ALIPOPATA NA ALIPOKOSA

Kwa aliyoyaona, Ar-Razi alipata. Kwa sababu aliyoitoa, alikosa. Ndui na surua hazitoki katika damu ya mtu, bali ni vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, vipitavyo kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Na mkubwa hasalimiki kwa ajili ya ukubwa wake. Husalimika kwa kuwa maradhi yalikwisha kumpata utotoni, na mwili wake ukayajua. Mwili ni kama mji wenye askari: adui akiingia mara ya kwanza huwakuta hawamjui, na akirejea huwakuta wamemwekea silaha.

Dalili ya hayo ilionekana wazi mwaka wa 1846 katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark. Surua ilikuwa haijafika huko tangu mwaka wa 1781, yaani miaka 65. Ilipoingia kwa mtu aliyekuja kwa jahazi, katika watu wapatao 7,800 waliugua zaidi ya 6,000, wakubwa kwa wadogo. Tabibu kijana Peter Ludvig Panum alipelekwa kuchunguza. Akawakuta wazee waliougua mwaka wa 1781 wamesalimika wote, na wazee wenziwao ambao hawakupata kuugua wakishikwa kama watoto. Lau kuwa uzee wenyewe ndio ngao, wazee wote wangalisalimika.

Hata hivyo umri una hukumu yake. Mtoto mchanga hulindwa kwa miezi ya kwanza na kinga aliyoichukua kwa mama yake tumboni, kisha kinga hiyo huisha. Surua ikimshika aliye chini ya miaka mitano huwa na khatari kubwa, na hali kadhalika ikimshika mtu mzima asiyepata kuiugua. Baina ya umri huo na huo huwa nyepesi zaidi, ingawa si ya kudharauliwa.

WATOTO WA KIUME NA WA KIKE

Ama neno lake kuhusu watoto wa kiume, lina asili, lakini lataka kupambanuliwa. Katika nchi nyingi watoto wachanga wa kiume hufa kwa maradhi ya kuambukiza zaidi kuliko wa kike. Wataalamu wametaja sababu katika maumbile. Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi za urithi, na katika hizo mwanamke ana mbili za namna iitwayo X, na mwanamume ana moja tu. Nyingi katika amri za askari wa mwili zimo katika uzi huo, na mwenye akiba ya pili ana nguvu zaidi.

Lakini si maradhi yote yendayo njia hiyo. Surua huwashika wa kiume na wa kike karibu sawasawa. Kifaduro huwapata na kuwaua wa kike zaidi. Basi msemo wa wazee si wa kutupwa, wala si wa kufanywa kanuni.

Na hapa pana jambo la kututia khofu. Pengine tofauti haitoki katika maumbile ya mtoto, bali katika mkono wa mzazi. Katika jimbo la Matlab, nchi ya Bangladesh, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1981 ulionyesha kuwa maradhi ya kuhara yaliwapata wa kiume na wa kike karibu kwa kiasi kimoja. Dawa ilikuwa bure. Walakini wa kiume walipelekwa kutibiwa zaidi kuliko wa kike, na waliokufa zaidi walikuwa wa kike. Mzazi aliyeshika kuwa wa kiume ndiye dhaifu humkimbiza huyo kwa tabibu, na binti huambiwa asubiri mpaka kesho. Na mtoto huyo na huyo ni amana moja, na mzazi ataulizwa juu yao wote wawili.

KUPATA KINGA PASIPO MARADHI

Ar-Razi alidhani kuwa mchemko wa damu hauna budi. Laiti angaliishi kuona kuwa una budi. Mwaka wa 1796 tabibu Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto kwa ndui ya ng'ombe, naye akakingika na ndui ya watu. Chanjo ikaenea, hata mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida duniani akaonekana Oktoba 1977, katika mji wa Marka, bandari ya Banadiri nchini Somalia, jirani zetu wa bahari moja. Mwaka wa 1980 likatangazwa Shirika la Afya la Dunia kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Katika maradhi mawili ya kitabu chake moja halipo tena.

Surua ingalipo, na chanjo yake imepatikana tangu mwaka wa 1963. Kenya na Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Miezi hii haikuwekwa ovyo. Chanjo ikitangulia sana, kinga ya mama iliyomo mwilini huizuia isifanye kazi, na ikichelewa, mtoto hukaa uchi bila ya silaha. Na surua ni yenye kuenea mno, hata mji hausalimiki mpaka watoto 95 katika 100 wawe wamekingwa. Anayemwacha mwanawe hakumdhuru wake peke yake, bali na mtoto mchanga wa jirani ambaye miezi yake haijafika.

MWISHO WAKE

Mwisho wa umri wake Ar-Razi alipofuka macho, yeye aliyewahimiza watu kuyalinda macho ya wagonjwa wao. Inasimuliwa kuwa alijiwa na tabibu wa kumpasua, akamuuliza khabari za tabaka za jicho. Alipomwona hazijui, alikataa kuguswa. Alikufa mjini kwake Rayy katika Shaaban mwaka wa 313 H. (925). Maandishi yake yaliyobaki yalikuwa kwa dada yake. Waziri Ibn Al-Amid aliyanunua, na wanafunzi wakayakusanya kuwa kitabu kikubwa kiitwacho Al-Hawi, ambacho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka wa 1279.

Ndugu zangu, mtu huyu alimheshimu mwalimu wake Jalinus na akamrudi alipokosa. Nasi twamheshimu yeye kwa namna hiyo hiyo. Alituonyesha kuwa maradhi yana mpango, yana umri na yana watu wake, na kwamba mpango huo wafaa kuchunguzwa, si kukisiwa. Basi mwenye mtoto wa miezi 9 nyumbani asingoje surua ije imfundishe. Ampeleke, wa kiume kama wa kike, siku moja na kwa haraka moja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atuwafikishe katika kheri. Amin.