GUSTAVUS SWIFT: MWUZA NYAMA ALIYEUZA HATA DAMU

Katika majarida kama haya tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru, wafalme na malenga. Mara hii nawaletea maisha ya mtu wa bucha. Usicheke, ndugu msomaji! Mtu huyu alianza biashara na ng'ombe mmoja tu, na siku alipofariki alikuwa na wafanyakazi zaidi ya 21,000. Jina lake ni Gustavus Franklin Swift, Mmarekani. Wanaomjua humtaja zaidi kwa sababu ya mabehewa yake ya barafu. Hayo nitayataja, lakini sitakaa hapo. Nia yangu ni kueleza jambo ambalo watu wa zama zake walilizibia pua, nalo ni jinsi damu, mifupa na masalio ya kichinjioni vilivyokaushwa kwa mitambo vikawa mbolea. Aidha, nitauliza ni nani aliyepata faida ya kazi hiyo na ni nani aliyelipa gharama yake.

Swift alizaliwa tarehe 24 Juni 1839 katika rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, pwani ya mashariki ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, na watoto pale nyumbani walikuwa 12. Ardhi ya huko ni ya mchanga, rutuba yake ni haba, kwa hivyo kila mtoto alijua mapema kwamba mkono mtupu haulambwi. Masomo hakuyapata mengi. Alipofikia umri wa miaka 14 aliajiriwa na kaka yake, Noble, aliyekuwa na bucha. Huko akajifunza kuchinja, kuchuna na kukata nyama. Baada ya miaka miwili hivi akaona kazi ya kutumwa imemchosha. Akapata pesa kidogo kutoka kwa watu wa nyumbani, akanunua mtamba mmoja, akamchinja na kuizungusha nyama nyumba kwa nyumba. Ikaisha yote, na faida ikabaki mkononi. Aliyeonja asali huchonga mzinga. Kijana akanunua mwingine, na mwingine tena. Mwaka 1861 alimwoa Annie Maria Higgins, na tangu hapo hesabu za nyumba na hesabu za bucha zikaenda pamoja.

Mwaka 1872 Swift aliungana na mfanyabiashara wa Boston aitwaye James Hathaway. Kazi yake katika ushirika huo ilikuwa kununua ng'ombe, na macho yake yalikuwa makali ajabu katika kukadiria uzito wa mnyama kabla hajapimwa. Kadiri alivyofuata mifugo ndivyo alivyozidi kusogea magharibi: kwanza Albany, kisha Buffalo, na mwishowe mwaka 1875 akahamia Chicago. Huko palikuwa na soko kubwa la mifugo liitwalo Union Stock Yards, lililofunguliwa Desemba 1865, mahali ambapo reli nyingi zilikutana na mazizi yalienea hadi jicho likachoka.

Wakati huo ng'ombe walisafirishwa wakiwa hai, kutoka Chicago hadi miji ya mashariki. Njiani wengine walikufa, na waliofika walikuwa wamekonda. Swift akapiga hesabu yake ya bucha. Zaidi ya nusu ya uzito wa ng'ombe si nyama ya kuliwa. Ni ngozi, pembe, kwato, mifupa, damu na matumbo. Mbona basi alipe nauli ya garimoshi kwa pembe na kwato? Akaona heri wachinjwe Chicago, isafiri nyama peke yake.

Jambo hili lilikuwa rahisi kusema kuliko kutenda, maana nyama huoza. Mnamo 1878 Swift alimwajiri mhandisi Andrew Chase, aliyebuni behewa lenye barafu sehemu ya juu. Hewa baridi ni nzito, nayo hushuka na kuipooza nyama, ilhali hewa yenye joto hupanda juu. Wenzangu mnaosoma fizikia mtaelewa mara moja. Kampuni kubwa za reli zilikataa kuyavuta mabehewa hayo, kwa kuwa zilikuwa zimetumia pesa nyingi kwa mabehewa ya ng'ombe hai. Swift hakufa moyo. Alipatana na reli ya Grand Trunk iliyopitia Kanada, nyama ikafika. Mwaka 1885 akaandikisha kampuni yake, Swift & Company, kwa mtaji wa dola 300,000.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo mambo yalipoanza kunuka. Ikiwa nyama inakwenda mashariki, kila kisicho nyama kinabaki Chicago. Kijijini ukichinja ng'ombe mmoja, mbwa hupata chao, kunguru hupata chao, na kinachobaki hufukiwa. Lakini hapa palichinjwa maelfu kwa siku, mahali pamoja. Wenye vichinjio waliwalipa watu wakazike masalio, au waliyaachilia yaende mtoni. Tawi la Mto Chicago lililopita karibu na soko lilijaa damu na matumbo, na uozo uliokuwa chini ukatoa gesi. Maji yakawa yanatokota kama chungu jikoni. Wenyeji wakaliita tawi hilo Bubbly Creek, yaani kijito cha mapovu.

Huku Chicago ikizama katika damu, wakulima wa pamba na tumbaku wa kusini mwa Marekani walikuwa wanalia. Mashamba yao yalikuwa yamechoka. Kwa miaka mingi walikuwa wamenunua samadi ya ndege kutoka visiwa vya Peru, lakini ile iliyo bora ilikuwa inakwisha, na bei haikushikika. Kumbe walichokitafuta ng'ambo kilikuwa kikitupwa mtoni! Damu ina naitrojeni nyingi, ambayo mmea huihitaji ili majani yake yawe ya kijani kibichi. Mifupa ina fosforasi, ambayo husaidia mizizi na mbegu.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu: maji. Katika kila kilo 100 za damu, kilo 80 hivi ni maji. Damu mbichi huoza kabla haijafika popote, na kuisafirisha ni kulipia maji nauli. Lakini ukiyaondoa maji, vijidudu vya kuozesha havina pa kuishi, na kinachobaki ni unga unaoweza kutiwa gunia ukakaa miezi. Hesabu ni ile ile ya mabehewa: usisafirishe usichouza.

Swift hakuibuni mitambo ya kukaushia, wala hakuwa peke yake. Mshindani wake mkubwa, Philip Armour, aliifuata njia hiyo hiyo. Sifa ya Swift ni kwamba aliichukulia kazi hii kuwa sehemu ya biashara yenyewe, si ya kuwaachia watu wa pembeni. Hebu tuingie humo ndani tuone ilivyokuwa.

Damu ilikusanywa kwenye matangi na kupigwa mvuke mpaka ikaganda mabonge. Mabonge yakakamuliwa kwa shinikizo ili maji yatoke. Vipande vya nyama visivyouzika, mifupa na matumbo vilitiwa katika matangi makubwa ya chuma yaliyofungwa kabisa, vikapikwa kwa mvuke wenye kani kubwa kwa saa nyingi. Mafuta yalielea juu, yakaondolewa yakafanyiwe sabuni. Makapi yaliyobaki chini nayo yakakamuliwa. Hata mchuzi uliotoka humo haukumwagwa. Ulichemshwa mpaka ukawa mzito kama gundi, kisha ukachanganywa na makapi, kwa maana ulikuwa na naitrojeni ndani yake.

Kisha ikaja zamu ya kikaushio. Hebu fikiria pipa refu la chuma lililolazwa chini, lenye kuta mbili. Katikati ya kuta hizo hupita mvuke wa moto. Ndani ya pipa kuna mhimili wenye mapanga, kama mwiko wa kusongea ugali, unaozunguka bila kupumzika. Mapanga hayo hugeuza makapi na kuyavunja mabonge ili kila upande uguse chuma cha moto. Feni huvuta nje unyevu unaotoka. Moto ukiwa mdogo, vitu hutoka vibichi na kuoza ndani ya gunia. Ukizidi, huungua, na sehemu ya naitrojeni hupotea angani. Mtu wa kikaushio alihitaji kujua kazi yake kama mpishi wa pilau. Mwishowe makapi makavu yalisagwa yakawa unga. Damu iliyokaushwa vizuri huwa na naitrojeni ya asilimia 12 au 13, nayo ilishinda samadi nyingi zilizojulikana.

Mbolea haikuwa bidhaa pekee. Kwato na ngozi zilitoa gundi, pembe zikawa vifungo, na nywele za nguruwe zikawa burashi. Inasimuliwa kwamba Swift mwenyewe, akiwa tayari tajiri wa kutajika, alikuwa akienda Bubbly Creek kutazama mahali mifereji ya kiwanda chake inapomwaga maji. Akiona mafuta yanaelea, ole wake msimamizi wa zamu! Si kwamba aliuonea mto huruma. Yale mafuta yalikuwa pesa zake.

Na pesa hizo zilileta nguvu. Faida ya nyama yenyewe ilikuwa nyembamba mno, lakini ngozi, mafuta na mbolea viliijazia, hata Swift akaweza kuuza nyama kwa bei ambayo bucha ndogo hazingeweza. Viwanda vyake vikaenea hadi Omaha, Kansas City na St. Louis. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulipoporomoka, kampuni ilikaribia kuanguka, lakini ikasimama.

Je, waliofanya kazi hiyo? Wengi wao walikuwa wageni waliotoka Ulaya, kwanza Waayalandi na Wajerumani, baadaye Wapolandi na Walithuania. Wengi hawakujua Kiingereza, na kila alfajiri watu walipanga foleni langoni wakiomba kibarua. Katika kiwanda kizima, idara ya mbolea ndiyo iliyoogopwa zaidi. Vumbi la mifupa na damu liliingia machoni, puani na mapafuni. Harufu iliingia ngozini, na mtu hata aoge vipi, aliporudi kwake majirani walijua anakofanya kazi. Migomo ya mwaka 1886 na ule wa 1894 ilishindwa. Swift alihesabu ujira wa mtu kama alivyohesabu kwato: kila senti ina mahali pake. Yeye mwenyewe hakupenda anasa, na aliwahi kazini mapema kuliko wengi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hesabu zake hazikuwa na safu ya kuandikia mapafu ya watu.

Gustavus Swift alifariki Chicago tarehe 29 Machi 1903, akiwa na umri wa miaka 63, baada ya kufanyiwa upasuaji. Waliobaki walivuna alichopanda, kitamu na kichungu. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya Swift & Company na wenzake kwa kula njama juu ya bei. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa riwaya yake The Jungle, ambamo mhusika mkuu, Jurgis, anafikia hatua ya kufanya kazi katika kiwanda cha mbolea. Wasomaji walishtuka, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Ajabu ni kwamba walioshtukia nyama walikuwa wengi kuliko walioshtukia hali ya wafanyakazi.

Kuanzia 1913 Wajerumani walianza kutengeneza kiwandani amonia kutokana na naitrojeni ya hewa, na mbolea ya damu ikapoteza ufalme wake, ingawa haijatoweka. Soko la Union Stock Yards lilifungwa mwaka 1971. Vichinjio vimeondoka, lakini mapovu ya Bubbly Creek yaliendelea kuonekana miongo mingi baadaye. Vikaushio viliokoa kile kilicholeta faida. Kisicholeta faida kiliachiwa mto.

Wanafunzi wenzangu, tumejifunza nini? Kwanza, taka ni neno la mtu asiyepiga hesabu. Ukipita mahali damu ya kichinjio inapoachwa itiririke mtaroni, huku shamba la jirani mahindi yake yamekuwa ya manjano kwa kukosa mbolea, mkumbuke Swift. Ujuzi wa kuunganisha mambo hayo mawili upo, na si wa ajabu: ni moto, chuma na mwiko unaozunguka. Pili, huenda mmoja wetu siku moja akajenga kiwanda cha namna hiyo. Akumbuke kuweka feni ya kuvuta vumbi na kitambaa cha kufunika pua kabla hajanunua gunia la kwanza la kutilia mbolea. Bwana Swift alifuata kila tone la mafuta hadi mtoni. Angalifuata pia kila mfanyakazi hadi nyumbani kwake, akasikia anavyokohoa usiku, tungalimsifu leo bila kusitasita.