Joseph Murumbi: Makamu wa Rais aliyejaza nyumba hazina, akahangaika kuipata wa kumwachia

WAKAZI wengi wa Nairobi hupeana miadi mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, mkabala wa sanamu ya Tom Mboya. Husimama hapo wakimngoja rafiki au jamaa, kisha wakaenda zao.

Ni wachache wanaoingia ndani na kugundua kwamba vinyago, silaha za jadi, nguo za kufumwa na vitabu vikuukuu vilivyohifadhiwa humo vingi viliwahi kuwa mali ya mtu mmoja, tena vilikuwa vimesheheni nyumbani kwake.

Mtu huyo ni hayati Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais katika historia ya Kenya. Wanaomkumbuka humkumbuka hasa kama kiongozi aliyeacha wadhifa mkubwa kwa hiari yake, jambo ambalo si la kawaida katika siasa za humu nchini.

Lakini maisha yake yalikuwa na upande mwingine. Murumbi alikuwa mtu asiyeweza kukipita kitabu cha kale au kinyago kizuri bila kutamani kukipeleka nyumbani. Tabia hiyo ilimpa sifa na ikamtwika mzigo. Pia ilimwachia swali linalowasumbua wengi walio na mali tele: vitu vikizidi nyumba, na umri ukisonga, aachiwe nani?

MTOTO WA PANDE MBILI

Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911 katika eneo la Bonde la Ufa. Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, nchini India, na mamake alikuwa Mmaasai. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Joseph Zuzarte.

Akiwa bado mdogo alipelekwa India kusoma. Alikaa huko miaka mingi, mbali na mamake na mbali na nchi aliyozaliwa, hadi aliporejea Kenya mapema katika miaka ya 1930.

Kenya aliyoikuta ilikuwa nchi ya ukoloni ambapo rangi ya mtu iliamua mahali pa kuishi, shule ya kusomea na mshahara wa kulipwa. Mtoto wa Mgoa angeweza kuegemea upande wa baba na kupata nafuu kidogo. Yeye alichagua upande wa mama, akalitwaa jina la Murumbi na kulitumia hadi kufa kwake.

Katika miaka ya 1940 alifanya kazi chini ya utawala wa Uingereza nchini Somalia. Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1950, alijiunga na chama cha KAU kilichokuwa kikidai haki za Waafrika.

Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Mzee Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wenzake. Murumbi, ambaye hakuwa miongoni mwa waliokamatwa, alijikuta kaimu katibu mkuu wa chama ambacho viongozi wake wakuu walikuwa kizuizini. Mwaka uliofuata KAU ilipigwa marufuku, naye akaondoka nchini. Alipitia India na Misri kabla ya kufika London.

VITABU VYA UHAMISHONI

Uhamishoni alikaa takriban miaka tisa. Alikuwa mmoja wa makatibu wa vuguvugu la kupinga ukoloni lililoanzishwa London mwaka wa 1954, na baadaye akafanya kazi katika ubalozi wa Morocco. Hakuwa tajiri. Hata hivyo, ni huko ambako mapenzi yake ya kukusanya vitabu yaliota mizizi.

Vitabu alivyovitafuta vilihusu Afrika: safari za wapelelezi wa Kizungu, ripoti za wamishonari, kamusi za lugha za Kiafrika, ramani na kumbukumbu za maafisa wa serikali. Vingi viliandikwa na wageni, na baadhi vilijaa dharau kwa watu walioelezwa ndani yake. Hata hivyo, vilibeba majina, tarehe na habari ambazo hazikuwa zimeandikwa kwingineko.

Kwa mtu aliyesomeshwa mbali na Afrika, akasomeshwa historia za wengine, kila kitabu kilikuwa kama kipande cha kwao kilichopotea. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Murumbi kilianza kufurika.

Alirejea Kenya mwaka wa 1962 wakati uhuru ulipokuwa ukikaribia. Mkewe, Sheila, aliyekuwa Mwingereza, alishirikiana naye katika mapenzi hayo. Badala ya kuwa na mmoja wa kununua na mwingine wa kulalamika, nyumba yao ilikuwa na wakusanyaji wawili.

Baada ya uchaguzi wa 1963 aliingia bungeni na kuwa waziri. Alishika Wizara ya Mambo ya Nje kuanzia mwaka wa 1964, kazi iliyompeleka katika miji mikuu mingi. Mei 1966, kufuatia kujiuzulu kwa Bw Jaramogi Oginga Odinga, Mzee Kenyatta alimteua kuwa makamu wa rais.

Hakudumu. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameondoka serikalini. Sababu iliyotolewa wazi ilikuwa afya yake, lakini wanaofuatilia historia ya nyakati hizo huhusisha uamuzi huo na jinsi alivyovunjwa moyo na uroho wa mali miongoni mwa viongozi. Pia walihusisha na mauaji ya rafiki yake mkubwa, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi jijini Nairobi Februari 24, 1965.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mtu aliyechukizwa na ulimbikizaji wa mashamba na majumba naye alikuwa mlimbikizaji wa aina yake. Tofauti ni kwamba alichokusanya Murumbi kilikuwa kile ambacho wenzake wengi hawakukithamini.

NYUMBA YAFURIKA

Baada ya kuacha siasa alipata wasaa wa kutosha. Mapema katika miaka ya 1970, yeye na mkewe walishirikiana na Alan Donovan, Mmarekani aliyekuwa ameacha kazi ya serikali ya nchi yake Afrika Magharibi, kuanzisha duka na ukumbi wa sanaa wa African Heritage jijini Nairobi. Kazi za wasanii na mafundi kutoka pembe mbalimbali za bara zilipata mahali pa kuonyeshwa na kuuzwa.

Kwa mtu aliyekwisha kuwa mateka wa vitu vizuri, biashara hiyo ilikuwa kama kumwajiri mpenda asali kuchunga mizinga.

Nyumba ya Murumbi katika mtaa wa Muthaiga ikawa mfano wa makavazi. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka wa 1900 pekee vilizidi 8,000. Juu ya hivyo kulikuwa na maelfu ya vitabu vingine, nyaraka, stempu za mataifa ya Afrika, vito, ushanga, nguo, samani na vinyago.

Yeyote aliyewahi kuhifadhi hata sanduku moja la vitabu vya kale anajua maana yake. Karatasi huliwa na mchwa na mende, na unyevu huleta ukungu. Nguo za kufumwa hutobolewa na nondo. Mbao hupasuka zikikaa juani na huoza zikikaa majimaji. Kitu kimoja huwa pambo la sebule, lakini vikiwa elfu kumi vinahitaji rafu, mlinzi, mfagiaji na daftari.

Isitoshe, vitu hivyo havikuwa na thamani kwa wenyewe tu. Kabla ya uhuru, maafisa wa kikoloni walikuwa wamechoma baadhi ya faili zao na kusafirisha nyingine hadi Uingereza, jambo ambalo serikali ya nchi hiyo ilikuja kulikiri mwaka wa 2011, katika kesi ya wapiganaji wa Mau Mau. Katika nchi iliyoporwa kumbukumbu zake kiasi hicho, mkusanyo wa mtu binafsi ulikuwa akiba ya taifa, hata kama ulihifadhiwa katika vyumba vya kulala.

AHADI YA MUTHAIGA

Murumbi alilitambua hilo. Katika miaka ya 1970 alichukua hatua ambayo wakusanyaji wengi huiahirisha hadi kifo kiwafumanie: aliamua kuachana na vitu vyake angali hai.

Wanunuzi kutoka ng'ambo walikuwepo, tena wenye fedha nyingi. Aliwakatalia. Badala yake aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyo huo kwa bei nafuu, pamoja na nyumba ya Muthaiga. Nia ilikuwa nyumba hiyo ihifadhiwe na kugeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, ambapo watafiti wangesoma vitabu hivyo mahali palepale vilipokusanywa.

Yeye na Sheila walihamia shamba lao la Intona, eneo la Transmara, katika nchi ya Wamaasai, watu wa mamake. Ungedhani kwamba baada ya kuutua mzigo huo mkubwa angepumzika. Wapi! Walijenga nyumba kubwa na kuanza kuijaza upya. Vinyago, samani na vitabu vikafuatana hadi Intona kama siafu waliopata njia.

Huko Muthaiga mambo yalikwenda kombo. Taasisi iliyotarajiwa haikuanzishwa. Vitabu na vitu vingi vya sanaa vilipelekwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lakini nyumba yenyewe iliachwa ikachakaa, ardhi yake ikagawanywa na hatimaye jengo likabomolewa. Murumbi aliishi kuyaona mapenzi yake yakipuuzwa.

Afya yake ilipodhoofika alirejea Nairobi. Alifariki Juni 22, 1990, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Sheila alifariki mwaka wa 2000, akazikwa ubavuni mwake.

Kifo cha Sheila kililiibua upya swali lililomsumbua mumewe miaka ya 1970, safari hii kuhusu mkusanyo wa pili. Marafiki, Donovan akiwa mstari wa mbele, waliunda wakfu wa kuulinda. Mwaka wa 2006 ukumbi wenye jina la Murumbi ulifunguliwa katika Hifadhi ya Nyaraka. Baadaye sehemu nyingine ya vitu hivyo iliwekwa katika jengo la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka wa 1913, ambapo zamani wakazi walikwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Donovan mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 2021.

DAFTARI NA AHADI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya Murumbi yanaithibitisha methali hiyo kwa namna mbili. Vitabu vilivyoingizwa katika hifadhi, vikaorodheshwa na kupewa mlinzi anayelipwa kwa kazi hiyo, vingalipo. Nyumba iliyoachiwa nia njema haipo tena.

Mtu anaweza kumlaumu Murumbi kwa kutojua kutosheka. Alipopata nafasi ya kuishi na vyumba vyenye hewa, alivijaza tena, na mzigo ukawaangukia waliobaki. Ni udhaifu ambao wengi wetu tunao kwa kiwango kidogo, tukiangalia masanduku yaliyo juu ya kabati na vitu tusivyoweza kuvitupa wala kuvitumia.

Lakini alilifanya jambo gumu ambalo wengi hawalifanyi. Alijiuliza mapema vitu vyake vitakwenda wapi, akamchagua mpokeaji, akakubali hasara ya fedha ili vibaki nchini. Kwa upande wake alitimiza wajibu. Kasoro ilitoka kwa mpokeaji, yaani sisi, kupitia serikali yetu.

Nusu ya ahadi bado inaweza kutimizwa. Vitabu vilivyonunuliwa London kwa mshahara wa mkimbizi vimo ndani ya jengo lile lile ambalo maelfu hulitumia kama mahali pa kukutania. Siku ambayo rafiki atachelewa, anayemngoja mlangoni anaweza kuingia.