Henri Dunant, Mfanya Biashara wa Geneva

Katika mwaka wa 1828, mjini Geneva katika nchi ya Uswisi, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Henri. Baba yake, Bwana Dunant, alikuwa mtu wa heshima, na mama yake alikuwa mcha Mungu aliyezoea kuwaangalia maskini na wagonjwa. Henri alipokuwa kijana alikuwa akienda gerezani siku ya Jumapili kuwatembelea wafungwa, tena aliwakusanya rafiki zake kusoma Biblia pamoja. Hata mwaka wa 1855 vyama vya vijana Wakristo vya nchi mbalimbali vikaungana huko Paris, naye alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo.

Alifanya kazi katika benki, halafu akaanza biashara yake mwenyewe katika nchi ya Algeria, iliyokuwa chini ya Wafaransa. Alitaka kusaga ngano, lakini wakubwa wa serikali hawakumpa haki ya maji ya kuendeshea kinu chake. Akakata shauri kumwendea Kaisari wa Wafaransa, Napoleon wa Tatu, ampelekee haja yake. Kaisari siku zile alikuwa vitani kaskazini ya Italia, akipigana na Waaustria. Basi Dunant akafunga safari kumfuata huko, naye amevaa nguo nyeupe kama msafiri wa wakati wa joto. Angalieni jambo hili, wasomaji: hakwenda kutafuta amani, wala kumponya mtu. Alikwenda kutafuta maji ya kinu.

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalikutana karibu na kijiji cha Solferino, wakapigana tangu alfajiri hata jioni. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walipata kama 40,000. Jioni ile Dunant akafika mji wa karibu, Castiglione, akaona majeruhi wanaletwa kwa magari, wengine wanajikokota kwa miguu, hata makanisa na nyumba na njia zikajaa watu wanaolia kwa kiu. Matabibu walikuwa wachache mno. Kumbe jeshi lililochukua mizinga mingi namna ile halikuchukua vitambaa vya kutosha vya kufungia madonda!

Dunant hakuwa tabibu. Walakini alivua koti lake, akaingia katika kanisa kubwa la mji, akaanza kuosha madonda na kuwanywesha maji. Akawaita wanawake wa mji wamsaidie, na watoto wakachota maji visimani. Akamtuma mtu kununua mashati, malimau na tumbako kwa fedha yake mwenyewe. Aliandika barua za wale waliokaribia kufa, zipelekwe kwa mama zao. Tena aliwaombea matabibu wa Kiaustria waliokuwa wametekwa wafunguliwe ili watibu watu. Nao wanawake wale, walipoona kwamba hambagui Mfaransa na Mwaustria, wakafanya vivyo hivyo, wakisema kwamba wote ni ndugu. Kwangu mimi neno hilo la wanawake wa Castiglione, ambao waume na ndugu zao walikuwa wamewachukia Waaustria miaka mingi, ni kubwa kuliko ushindi wa Kaisari.

Aliporudi kwao hakuweza kusahau. Mwaka wa 1862 alitoa kitabu kuhusu mambo aliyoyaona, akakipelekea wafalme na majemadari, akiwauliza kama haifai kila nchi iwe na watu waliofundishwa, wakati wa amani, kuwatunza majeruhi bila kutazama taifa lao. Mwaka wa 1863 watu watano wa Geneva, naye mmoja wao, wakafanya kamati. Na tarehe 22 Agosti 1864 wajumbe wa nchi 12 wakatia sahihi mapatano ya kwamba majeruhi na wanaowatunza wasidhuriwe. Alama yao ikawa msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe.

Wako wasemao kwamba kufunga madonda si kuzuia vita, na hayo ni kweli. Dunant mwenyewe aliyajua, kwa maana katika uzee wake aliandika sana juu ya ubaya wa silaha.

Lakini biashara yake aliiacha bila kuiangalia. Mwaka wa 1867 alifilisika, na watu wengi wakapoteza mali zao pamoja naye. Hatuna budi kusema kweli: mahakama ya Geneva ilimhukumu kuwa aliwadanganya wenziwe katika biashara. Kamati ikamtoa, naye akauhama mji wake asirudi tena. Alizunguka nchi nyingi akiwa maskini, hata akafika kijiji cha Heiden katika milima ya Uswisi, akapewa chumba hospitalini. Watu wakadhani amekwisha kufa. Mwaka wa 1895 mwandishi wa gazeti alimkuta huko, akatangaza habari zake. Na mwaka wa 1901 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, ya kwanza kabisa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy.

Fedha ile hakuitumia. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka. Na katika wasia wake aliacha fedha ili katika hospitali ya Heiden kiwepo daima kitanda kimoja cha mgonjwa maskini, asilipe kitu.