Ritchie, Mtu Aliyetuachia Arei

Aliyepita kwenye somo la C anaijua hii. Umetengeneza jedwali lako, int m[3][4], unalituma kwenye fanksheni, kompaila inagoma mpaka uandike ile 4. Ile 3 haina habari nayo kabisa. Wa kuulizwa ni Dennis Ritchie.

Alizaliwa mwaka 1941 Bronxville, New York. Baba yake alifanya kazi Bell Labs, na kijana naye, baada ya kusoma fizikia na hisabati Harvard, akaingia hapohapo mwaka 1967. Udaktari hakuupata: tasnifu aliiandika, ila nakala iliyojalidiwa hakuiwasilisha. (Mnaohangaika na risachi, msimwonyeshe msimamizi wenu sehemu hii.)

Mwenzake Ken Thompson alikuwa na lugha iitwayo B. Humo kila arei ilikuwa na pointa yake, imehifadhiwa kwenye memori, inayoelekeza data ilipo. Ritchie, akiijenga C kati ya 1971 na 1973, akaifuta hiyo pointa. Jina la arei lenyewe, ukilitumia, linageuka anwani ya kitu cha kwanza. Haya, kwenye jedwali kitu cha kwanza ni nini? Si namba, ni mstari mzima! Kwa hiyo fanksheni inapokea anwani ya mstari wenye namba 4. Ikitaka m[2][1] inaruka mistari 2, yaani namba 8, halafu moja zaidi. Bila ile 4 itarukaje? Ndiyo maana tunaandika int m[][4]. Ukiandika int **m umepotea, kwa sababu mle ndani hakuna pointa zozote, ni namba tupu zimepangana.

Idadi ya mistari ndiyo inayopotea njiani. Usipoituma mwenyewe, fanksheni inaweza kuandika nje ya jedwali na hakuna wa kuizuia. Kwangu mimi hilo ni deni alilotuachia, na alijua watu wanalilalamikia. Mwaka 1990 alipendekeza njia ya arei za ukubwa unaobadilika. Kanuni za C za 1999 zikachukua njia nyingine, unatuma n kwanza, kisha int m[][n].

Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, na mwaka 1983 yeye na Thompson wakapewa Tuzo ya Turing. Alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey tarehe 12 Oktoba 2011, wiki moja tu baada ya Steve Jobs. Magazeti bado yalikuwa yamejaa Jobs, ambaye simu zake zinaendeshwa na mfumo wa ukoo wa Unix.