Aleksei Kosygin, Mtu wa Viwanda

Aleksei Kosygin alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Petersburg, Urusi, babake akiwa fundi wa kiwandani. Hakupanda kwa ukoo wala kwa ufasaha wa ulimi. Alisomea kazi ya nguo, akamaliza chuo mwaka 1935, akaingia kiwandani kuwa msimamizi. Na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kiwanda cha nguo cha serikali. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa mji wake, uliokuwa ukiitwa Leningrad. Na mwaka 1939 akakabidhiwa wizara ya viwanda vya nguo vya nchi nzima. Ajabu ya kupanda huku! Lakini msomaji asisahau kwamba miaka ile Stalin alikuwa akiwaua wakubwa wa serikali, na viti vingi vilikuwa vitupu.

Vita vilipoingia mwaka 1941, alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuhamishwa viwanda zaidi ya 1,500, mashine na mafundi wake, kupelekwa mashariki mbali na Wajerumani. Mwaka 1942 akatumwa Leningrad, nao umezingirwa na watu wafa njaa, akashughulikia njia ya magari iliyopita juu ya barafu ya ziwa Ladoga, chakula kikiingia na watu wakitolewa.

Khalafu, mwaka 1949, Stalin akawageukia viongozi waliotoka Leningrad. Voznesensky na Kuznetsov, wenziwe Kosygin, wakauawa mwaka 1950, yeye akaachwa. Alinyamaza, nasi tulio mbali na khofu ile si wepesi wa kumlaumu.

Oktoba 1964 akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1965 alitaka viwanda vipimwe kwa bidhaa zilizouzwa na faida iliyopatikana, si kwa wingi wa vitu vilivyokaa ghalani bila ya mnunuzi. Hilo kila mwenye duka Mombasa alijua. Lakini wakubwa wa wizara waliona madaraka yao yatapunguka, wakalidhoofisha.

Kwetu sisi, kubwa lake ni Tashkent. Januari 1966 aliwakutanisha katika mji huo wa Waislamu Rais Ayub Khan wa Pakistan na Waziri Mkuu Shastri wa India, waliokuwa wamepigana mwaka uliotangulia. Akawa akienda kwa huyu na kurudi kwa yule, hata tarehe 10 wakatia sahihi. Usiku ule ule Shastri akafa, na Kosygin na Ayub wakalibeba jeneza lake pamoja na wengine.

Machi 1979 Taraki, mtawala wa Afghanistan, alimwomba majeshi, naye akakataa. Desemba, wakubwa wenziwe walipokata shauri la kuyapeleka, hakuwapo kikaoni. Hata hivyo alibaki Waziri Mkuu wa serikali iliyoyapeleka, na damu ya Waislamu ikamwagika.

Alijiuzulu Oktoba 1980, mgonjwa, akafa tarehe 18 Desemba. Khabari hazikutangazwa mara moja, kwani tarehe 19 ilikuwa siku ya kuzaliwa Brezhnev, mkuu wa chama.