Stefano Kaoze: kutoka shule ya ufukweni hadi seminari kubwa

Wengi wetu katika kitivo hiki hatukuanzia hapa. Tulisoma miaka ya kwanza Uvira, kwenye tawi lililobanwa kati ya milima na ziwa, ndipo tukahamia chuo kikuu chenyewe. Tukiulizwa tulikotoka, wengine wetu hujibu kwa sauti ya chini. Kwa ajili hiyo nimeamua kusimulia maisha ya Padri Stefano Kaoze, mwana wa ziwa hilihili.

Kaoze alizaliwa mnamo 1886 huko Marungu, upande wa kusini-magharibi wa Tanganyika, katika kabila la Watabwa. Alianza masomo Mpala, ufukweni. Mpala haikujengwa iwe shule: ilikuwa ngome ya Mbelgiji Émile Storms, aliyeianzisha mwaka 1883, na miaka miwili baadaye ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Humo vijana walifunzwa kusoma na kuandika, na wachache wakaingizwa katika Kilatini. Nyumbani kwao waliongea Kitabwa. Misioni ilitumia Kiswahili.

Kutoka seminari ndogo mwanafunzi alipaswa kuhamia seminari kubwa ya Baudouinville, yaani Kirungu, karibu na Moba ya leo. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Askofu Victor Roelens, na ndipo mtu alipokamilisha falsafa na teolojia. Lakini makao hayo nayo yalikuwa na asili yake kwingine. Yalianzishwa mwaka 1893 na watu waliohamishwa kutoka Kibanga, misioni iliyokuwa karibu na rasi ya Ubwari, katika Fizi ya leo. Anayepanda boti Uvira kuelekea kusini hupita pwani hiyo. Kumbe makao yenyewe yalikuwa na asili upande wetu.

Njia ya Kaoze ilikuwa ndefu. Alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa zama za ukoloni. Hata hivyo, maandishi yaliyomletea sifa hayakungoja siku hiyo. Mjesuiti Arthur Vermeersch, aliyeitembelea Kongo, alimhimiza aandike juu ya fikra za watu wake. Kaoze akaandika kwa Kifaransa, lugha aliyoifikia baada ya Kitabwa, Kiswahili na Kilatini. Insha yake kuhusu saikolojia ya Wabantu ilianza kuchapwa Brussels mwaka 1910, katika jarida la La Revue congolaise. Alikuwa bado mseminari. Wanahistoria wengi wa fasihi yetu huanzia hapo wanapohesabu waandishi Wakongo wa lugha ya Kifaransa.

Tusimpambe kupita kiasi. Katika insha hiyo mara nyingi anazipima desturi za Marungu kwa kipimo cha misioni, na msomaji wa leo atapinga mengi. Lakini alikuwa na kitu ambacho walimu wake wa Baudouinville hawakuwa nacho: lugha ya mama ya watu aliowaeleza. Kitu hicho hakukipewa na seminari yoyote. Alikileta kutoka kwao.

Mwaka 1920 alisafiri Ulaya pamoja na Roelens. Baadaye alifundisha, akaongoza misioni, akaandika pia juu ya historia ya Watabwa. Mwaka 1947 aliteuliwa katika Baraza la Serikali ya koloni, miongoni mwa Wakongo wa kwanza kuketi humo. Alifariki mwaka 1951.

Sisi wa isimu tuna sababu ya kumkumbuka. Tulipohama Uvira tulifikiri tunaacha nyuma kila kitu kidogo: darasa lenye vitabu vichache, Kifuliiru, Kivira na Kibembe vya barazani. Sasa tunatafuta mada za tasnifu, na wengi tunajikuta tunarudi kwenye maneno yaleyale tuliyoyasikia kule ufukweni.